Kwa nini hatukuulizi umri ukija kununua marashi

Swali tunaloulizwa zaidi hapa dukani Mwanga, Kigoma, halihusu bei. Ni hili: "Dada, hii kweli ni ya umri wangu?" Anayeuliza mara nyingi keshanusa, keshapenda, na mkono bado uko puani. Halafu anakumbuka kuwa ana wajukuu, au kuwa hajaolewa, na chupa inarudi mezani. Mwingine anamnunulia mama mkwe: "Nipe ile ya watu wazima." Ukimuuliza mama mkwe anapenda harufu gani, hajui. Anachojua ni kwamba amestaafu.

Sisi umri hatuulizi, na si kwa sababu ya adabu tu. Hakuna harufu iliyotengenezwa na umri ndani yake. Wanaozeeka ni watu waliokuwa wakiitumia, kisha harufu inabebeshwa miaka yao.

Chukua Chanel No. 5, ambayo mabinti wengi wakiinusa wanakunja uso na kusema, "Hii ya bibi." Ilitoka mwaka 1921, Gabrielle Chanel mwenyewe akiwa hajafika miaka 40. Mtengenezaji wake, Ernest Beaux, aliitia aldehaidi kwa wingi, kemikali zinazotoa ukali fulani wa usafi, na kwa wakati ule ilishangaza pua za watu. Walioipenda walikuwa wanawake wa kisasa wa enzi hiyo, waliokata nywele na kufupisha magauni. Miaka ikaenda, harufu za jamii hiyo zikaingia kwenye sabuni na poda za kila siku, wale wanawake wakazeeka, na wajukuu wakainusa kwenye kabati la bibi. Ndiyo asili ya hilo jina la "ya bibi".

Upande mwingine kuna Angel ya Mugler, ya mwaka 1992. Hiyo ilikuja na etili maltoli, kemikali inayonukia sukari iliyoungua, ikachanganywa na pachuli, mafuta ya majani yenye harufu ya udongo. Mafanikio yake yalifungua njia kwa pafyumu tamutamu ambazo mabinti wa chuo wanazigombania leo: vanila, karameli, matunda. Sasa piga hesabu. Msichana aliyekuwa na miaka 20 Angel ilipotoka, leo ana zaidi ya 50. Mama wa umri huo akiingia dukani akaipenda vanila, msimcheke kwamba anajifanya binti. Na nyinyi mnaojipulizia karameli leo, subirini watoto wenu wakue; mtasikia wakiiita harufu ya kina mama.

Habari ya "nipe ya kike" nayo ina mambo yake. Ule utaratibu wa kuweka maua rafu ya wanawake, na mbao, ngozi na tumbaku rafu ya wanaume, umetoka kwenye maduka ya Ulaya na Marekani, na hata huko haukufuatwa sana kama matangazo yanavyotaka tuamini. Jicky ya Guerlain, ya mwaka 1889, imevaliwa na wanaume na wanawake. CK One ya Calvin Klein ilipotoka mwaka 1994 iliuzwa waziwazi kwa wote wawili. Nchi za Ghuba, mwanamume anajipaka mafuta ya waridi anakwenda zake msikitini na hakuna anayegeuka kumtazama.

Sisi wenyewe je? Nenda Ujiji kwenye nyumba yenye bibi harusi. Nguo zinafukizwa udi, chumba kinafukizwa udi, bibi harusi mwenyewe anafukizwa. Udi ni mbao. Unatoka kwenye miti ya huko Asia ambayo ikiingiliwa na kuvu hujilinda kwa kutoa utomvu mweusi ndani ya shina, na huo utomvu ndio wenye harufu. Kwa hesabu ya rafu za Ulaya, harufu nzito ya namna hiyo, yenye moshi, ingekaa kwa wanaume. Kwetu ni ya chumbani kwa mwanamke. Kwa hiyo dada wa miaka 19 akija akayapita maua yote na kusimama kwenye mafuta ya udi, tunampimia. Hajapungukiwa kitu.

Lakini sitakudanganya kwamba umri hauna kazi yoyote. Unaingia sehemu mbili, ngozi na pua.

Ngozi ikikua inapunguza mafuta yake, na marashi kwenye ngozi kavu huruka haraka. Ndiyo maana mama anaweza kununua chupa ileile ya binti yake, ya binti ikadumu mpaka jioni, yake ikaisha kabla ya adhuhuri, akadhani tumemuuzia feki. Dawa yake ni rahisi: oga, jipake mafuta ya mgando yasiyo na harufu, kisha marashi juu yake. Au chukua marashi ya mafuta badala ya yale ya kupuliza. Hayana spiriti, hayasambai mbali, lakini yanang'ang'ania ngozi.

Pua nayo hupungua nguvu kadiri miaka inavyokwenda. Mtu anaongeza, anaongeza tena, naye hajisikii, huku abiria wenzake kwenye daladala ya Ujiji wanafungua madirisha. Hili halimpati mtu mzima peke yake. Hata kijana, pua yake huizoea harufu anayoitumia kila siku ikaacha kumwambia kama ipo. Usipojisikia, muulize mtu wa nyumbani kabla hujapuliza mara ya tatu.

Kuliko umri, mimi nitakuuliza unakwenda nayo wapi. Joto la Kigoma linarusha harufu haraka na kwa nguvu. Vanila nzito saa saba mchana ofisini inachosha, na jioni kwenye sherehe, upepo wa ziwa ukivuma, hiyohiyo inapendeza. Kwa mchana najaribu kukuelekeza kwenye machungwa, asumini nyepesi, mlangilangi, chai ya kijani. Muuguzi au mwalimu wa watoto wadogo namshauri apunguze, maana kuna wenye pumu. Tahadhari moja kuhusu zile za ndimu na limau: baadhi ya mafuta ya jamii hiyo yakipigwa na jua kwenye ngozi huacha madoa, kwa hiyo pulizia nguo au sehemu iliyofunikwa, si shingo wazi.

Namna tunavyofanya dukani ni hivi. Hatukuruhusu kununua kwa kunusa kizibo. Tunakupaka mbili tu, moja kila mkono, kisha tunakufukuza: nenda sokoni, fanya mambo yako, rudi baadaye. Ile harufu ya dakika za kwanza, mara nyingi ndimu au matunda, inaondoka upesi, na utakayoishi nayo mchana kutwa ni ile inayobaki. Wengi wanaorudi wamebadilisha mawazo, na hatununi. Ukitaka kunusa zaidi ya mbili, toka nje kidogo upate hewa. Kunusa kahawa, kama baadhi ya maduka wanavyofanya, hakusaidii kuliko hewa safi.

Ukiipenda lakini bado una wasiwasi na maneno ya watu, chukua ya kupima, mililita 3, uitumie kwanza. Kwenye vichupa hivyo tunaandika "mfano wa" kwa makusudi: ni mafuta yanayofanana na pafyumu fulani, si orijino, na bei yake inaonyesha hivyo. Orijino zipo kwenye kabati la kioo na huja na boksi lake. Zote ziweke ndani ya boksi au kabatini. Dirishani jua linaziharibu, hata ile ya bei kubwa.

Wanaume mnaonunulia wake zenu, na wakwe mnaonunulia wakwe, msije na umri wake. Njooni na mtandio aliouvaa, au picha ya chupa iliyokaribia kuisha kwenye meza yake ya vipodozi. Ile iliyojaa na vumbi juu haitusaidii. Hiyo alipewa zawadi.