Jumamosi: King na wazoa taka wa Memphis

Ndugu zangu, salaam. Jumamosi saa kumi jioni tutamzungumzia Martin Luther King. Naomba tusiishie kwenye hotuba ya Washington ya 1963, ile wote tunaijua. Tuanzie Memphis, jiji la kusini mwa Marekani, Februari 1968: wazoa taka wawili, Echol Cole na Robert Walker, walijikinga mvua nyuma ya gari la taka, mtambo wake ukawasaga. Wenzao takriban 1,300 wakagoma. King akaenda kusimama nao, akauawa hukohuko tarehe 4 Aprili, akiwa na miaka 39. Siku 12 baadaye jiji likakitambua chama chao na kukubali kuwaongeza mshahara. Hapo ndipo naumia kila nikisoma. Kila mmoja aje na swali lake. Mwenye picha za mabango ya waandamanaji wale, azitume humu kabla ya Ijumaa.