Barua ya Wazi kwa Mjomba Aliyepita Panama Bila Kuiona

Mjomba wangu mpendwa, shikamoo.

Kila unaposimulia safari zako za ubaharia, ukifika Panama hunyamaza, kwa kuwa zamu yako ilikuwa chini kwenye chumba cha mashine, na mfereji ule wa kilomita 80 hivi uliupita ukisikia kengele na amri tu. Mwaka huu nimejaliwa kufika Miraflores, kituo cha mfereji ambapo meli huinuliwa na kushushwa kwa maji, karibu na Jiji la Panama, nikasimama kwenye roshani ya wageni tangu asubuhi. Nakuandikia ili nikueleze yaliyokuwa yakitendeka juu ya kichwa chako.

Meli niliyoiona ikiingia kutoka Pasifiki ilikuwa ya shehena, kubwa kiasi kwamba ukitazama omo huioni tezi. Mbele yake ulitokea mtumbwi mdogo wenye watu wawili wakipiga makasia, nao ndio waliounganisha kamba baina ya meli na ukingo. Baada ya hapo meli ilishikwa na vichwa vya treni vinavyotembea kwenye reli pembeni, ambavyo wenyeji huviita mula, yaani nyumbu. Nilidhani nyumbu hao ndio wanaoivuta, lakini nikaelezwa kwamba kazi yao kubwa ni kuiweka katikati na kuizuia isiende kasi, na kwamba meli hujisukuma kwa mashine zake yenyewe. Nilikukumbuka sana hapo, Mjomba, kwa sababu kumbe ni nyinyi wa chini mliokuwa mkiipitisha, kwa amri za rubani wa mfereji, ambaye nahodha humkabidhi meli yote. Upana wa chumba cha maji, ambamo meli hufungiwa ili iinuliwe, ni mita 33.5, na meli pana kuliko zote zinazoruhusiwa humo hubakiza nafasi isiyozidi sentimita 60 kila upande.

Malango ya chuma yalipofungwa nyuma yake, maji yaliingia kutoka chini bila pampu yoyote, kwa uzito wake tu, na kwa dakika nane hivi meli ile nzito ilipanda taratibu mbele ya macho yangu, hata nikaanza kuona miguu ya mabaharia waliosimama sitahani. Miraflores ina ngazi mbili za namna hiyo, kituo kinachofuata cha Pedro Miguel kina moja, na baada yake meli huelea kwenye Ziwa Gatun, mita 26 juu ya usawa wa bahari. Ziwa hilo lilitokana na kuuzuia Mto Chagres kwa bwawa, na maji yake ndiyo wanayokunywa watu wa Jiji la Panama na Colón. Ndiyo maana ukame wa mwaka 2023 uliwalazimu kupunguza idadi ya meli.

Jambo moja liliniuma. Wageni wengi hupiga picha za meli na kuondoka, ilhali mfereji huu, uliofunguliwa tarehe 15 Agosti 1914, ulichimbwa zaidi na watu weusi kutoka Barbados, Jamaika na visiwa jirani, waliolipwa kwa sarafu za madini ya fedha wakati Wamarekani weupe wakilipwa kwa dhahabu, na wakitengwa hata kwenye makazi na foleni za mshahara. Kumbukumbu rasmi za ujenzi wa Wamarekani zinataja vifo 5,609, wengi wao wakiwa weusi hao, mbali na maelfu waliokufa kwa homa ya manjano na malaria wakati Wafaransa walipojaribu kabla yao na kushindwa. Kwa hiyo alasiri nilikwenda Museo Afroantillano, makumbusho yaliyomo ndani ya kanisa dogo la mbao la wahamiaji hao, nikakaa humo muda mrefu kuliko nilivyokaa Miraflores.

Nikirudi nitakuletea picha, lakini kuna swali ambalo roshani haikuweza kunijibu. Zile dakika meli inapopanda, kule chini mlihisi chochote, au mashine iliendelea kunguruma tu mkasubiri kengele?

Mpwa wako akupendaye.