Kuhusu yule ng'ombe na maji

Mwenzangu mpendwa,

Salamu nyingi. Tangu niisome barua yako sijatulia. Umesema kimbunga kikishapangwa na Mungu, mja hana la kufanya ila kungoja. Upepo hatuuzuii, hapo tuko pamoja. Lakini kwenye vifo sikubaliani nawe hata kidogo.

Itazame Bangladesh. Ghuba ya Bengal inazidi kubana kadiri unavyokwenda kaskazini, na maji ya pwani hayana kina, kwa hiyo kimbunga kikiyasukuma hukosa pa kwenda, yakapanda nchi kavu. Novemba 1970 yaliwakuta watu usiku. Walikufa wasiopungua 300,000. Sidr, kimbunga cha Novemba 2007, haikuwa na upepo mdogo, ila iliua kama 3,400. Mikoko ya Sundarbans, msitu wa pwani ya huko, ilisaidia kuivunja nguvu, ni kweli. Lakini pia walikuwepo watu wa kujitolea wanaozunguka na vipaza sauti kijiji hadi kijiji, kazi iliyoanzishwa 1972 na serikali pamoja na Msalaba Mwekundu, na majengo ya zege ya kukimbilia, juu ya nguzo ili maji yapite chini.

Linaloniuma zaidi ni la Aprili 1991. Tahadhari ilitolewa, na bado walikufa kama 138,000, wanawake wengi kuliko wanaume. Mwone mama huyo: mtoto kiunoni, sari imelowa na kumnasa miguu, mume hayupo na bila idhini yake hatoki. Hata akitoka, jengo liko mbali, na ndani wamejazana wanaume asiowajua.

Mwingine amebaki na ng'ombe wake. Watu humwita mkaidi, na neno hilo linanikera. Ng'ombe huyo ndiye anayelima, ndiye maziwa ya watoto, ndiye akiba yote ya nyumba. Akifa, mwenyewe amepona ili aanze kukopa. Walioelewa hilo walijenga vilima vya udongo, wenyewe huviita killa, mifugo ipande huko.

Na usiniulize kwa nini hawahami. Mito hutupa tope, kisiwa kipya huibuka, na asiye na shamba ndiye wa kwanza kukikimbilia, kwa sababu kwingine kote kuna mwenyewe.

Nijibu upesi. Ungekuwa wewe, kamba ya ng'ombe mkononi na kipaza sauti kinalia njiani, ungeiachia?

Wako akupendaye