Betri zangu hazikufa kwa uzee

Raskazone, Tanga
22 Julai 2024

Meneja,
Yadi ya Kuhifadhia Boti,
Tanga.

YAH: KUFA KWA BETRI MBILI ZA BOTI ILIYOKUWA CHINI YA UANGALIZI WENU

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ndiye mwenye ile boti ya faiba yenye mstari wa bluu, inayopeleka wageni Toten na Yambe. Niliwaachia tarehe 12 Aprili, masika yamekolea na wageni wamekatika, nikaja kuichukua tarehe 20 Julai. Risiti yenu ninayo, imeandikwa: kuhifadhi, kufunika, na kukagua betri kila wiki mbili. Nililipa mpaka senti ya mwisho kabla sijaruhusiwa kuigusa.

Siku naikabidhi, kijana wenu alipima betri mbele yangu: zote mbili volti 12.7. Siku naichukua, moja 3.9, nyingine 4.2. Stata haikutoa hata mlio.

Getini nikaambiwa betri ikikaa hujiisha yenyewe. Ni kweli, na kwa joto letu hili hujiisha upesi zaidi. Lakini betri nzima iliyojaa hupoteza sehemu ndogo tu ya chaji kwa mwezi. Miezi mitatu ya kukaa haiishushi kutoka 12.7 hadi 3.9. Kuna kitu kilikuwa kinaila.

Kitu chenyewe nilikiona nilipopanda. Turubai limechomoka upande wa tezi, yaani nyuma, ngama, pale chini ndani ya boti maji yanapotuama, imejaa maji yaliyooza na majani ya mkungu, na kizibo cha nyuma bado kimekazwa. Ndugu Meneja, boti iko nchi kavu juu ya magogo, kizibo cha nini? Kingetolewa, mvua yote ya masika ingepita chini ikaenda zake. Badala yake maji yakapanda, boya la pampu likainuka, pampu ikaanza kuvuta. Majani yakaziba mdomo wake, ikawa inazunguka tu na maji hayatoki. Pampu ile hula ampia 3, na betri zangu ni za ampia-saa 100 kila moja. Piga hesabu: hata siku tatu hazitimii.

Ofisini kwenu wakasema swichi kuu ilizimwa. Naamini. Ila pampu ya ngama haipiti kwenye swichi kuu. Boti nyingi huungwa hivyo makusudi, waya moja kwa moja kwenye betri, chombo kisije kikazama usiku mwenyewe amelala. Waya huo nilimwonyesha kijana wenu siku ya kwanza, akaitikia kwa kichwa. Ilitakiwa spana na dakika mbili: toa kizibo, chomoa waya wa hasi, basi. (Langu nalikiri: redio niliyofunga mwaka jana nayo imeungwa hivyo hivyo, na hunyonya kidogo kidogo kwa ajili ya saa yake. Hiyo peke yake isingemaliza hata nusu ya chaji.)

Linaloniuma zaidi ni kwamba zilipoisha mkaziacha. Betri ya risasi na tindikali ikiisha leo ikachajiwa kesho, mara nyingi hupona. Ikilala tupu wiki baada ya wiki, sahani zake huota ukoko mgumu ambao chaji haiuvunji tena. Fundi wangu wa Ngamiani alizichaji usiku kucha. Asubuhi zilisoma 12.3, saa sita mchana, bila mzigo wowote, 10.6. Mngekagua hata mara mbili tatu tu mwezi Mei, nisingeandika barua hii. Daftari la ukaguzi, kama lipo, naomba nilione.

Betri zilikuwa na mwaka mmoja na miezi miwili, kwa hiyo sidai bei kamili. Naomba gharama ya mbili za aina ileile, mkate sehemu ya muda niliokwisha kuzitumia. Risiti ya duka na picha za ngama, kizibo na mita nimeambatisha. Wageni wa Jumamosi ile niliwahamishia boti ya jirani. Hasara hiyo naimeza. Nisipopata jibu ndani ya siku 14, nitalipeleka suala hili Tume ya Ushindani.

Jambo jingine. Boti ya kijani iliyolala ubavuni mwa ilipokuwa yangu nayo kizibo chake kimekazwa, nimechungulia. Tafadhali mtu aende leo.

Mteja wenu,
Mwenye boti ya mstari wa bluu