Kwa mawakili wa serikali mliopewa kusimamia mashauri ya kazi: barua ya wazi

Wanangu,

Nawaandikia ninyi mliopandishwa juzi, mkaondolewa kwenye meza ya kuandika majibu ya madai na kupewa watu wa kuwasimamia katika mashauri ya ajira. Hongereni. Wachache wenu tulikaa ofisi moja, wengine nawajua kwa majina yenu kwenye hukumu tu. Mimi nimeshastaafu, siwezi kumwamuru mtu, wala hakuna atakayeniomba dokezo, yaani maoni ya kuandikwa ndani ya jalada. Chukueni haya kama maneno ya mzee.

Ninalotaka kusema ni hili: shauri la kazi linashinda au linashindwa kabla barua ya kumwondoa mtumishi haijasainiwa. Msimamizi anayeanza kazi siku hati ya wito inapofika ameitwa kama fundi wa msingi kwenye nyumba iliyokwisha kuezekwa.

Mashauri haya hayafanani na ya ardhi, ambako wakili anaweza kwenda kijijini akawatafuta wazee wamwonyeshe mpaka ulipopita. Kwenye ajira ushahidi anautengeneza mwajiri mwenyewe, karatasi kwa karatasi, wakili akiwa hajaitwa: barua ya tuhuma, hati ya mashtaka, utetezi, taarifa ya uchunguzi, barua ya uamuzi. Jalada likija na pengo, pengo hilo ndilo shauri lenyewe. Na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imemtwika mwajiri mzigo wa kuthibitisha kwamba sababu ilikuwa halali na utaratibu ulikuwa wa haki. Mfanyakazi anaweza kukaa kimya kwenye kiti chake, mwenye kueleza ni ninyi.

Chukueni utoro. Kukosekana kazini zaidi ya siku tano bila ruhusa ni kosa linaloweza kumfukuzisha mtumishi wa umma, na kwa kuliangalia juujuu ndilo kosa rahisi kuliko yote kuthibitisha. Daftari la mahudhurio lipo, kiti kilikuwa kitupu. Sasa fungueni jalada. Hati ya mashtaka inasema "mwezi Machi", haina tarehe. Barua imepelekwa kituo kilekile ambacho mtumishi anadaiwa kutoonekana, kwa hiyo hakuipata. Mkuu wa idara aliyelalamika ndiye aliyeongoza uchunguzi. Na huko nyuma, folio ya mwisho, yaani karatasi ya mwisho yenye namba, kuna cheti cha hospitali ya mkoa ambacho hakuna aliyekisoma. Huenda kweli mtu huyu ni mtoro wa siku nyingi, na ofisi nzima inamjua. Lakini kwa jalada hilo hakuna mwamuzi atakayewaamini, na mimi nisingewaamini. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu. Aliyeandikiwa barua asiyoipata hajasikilizwa.

Niongeze hapo kitu kidogo. Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Bado kuna maofisa wanaomwandikia dereva au mhudumu wa ofisi hati ya mashtaka kwa Kiingereza cha kunakili, halafu wanashangaa utetezi wake haujibu hoja. Ikipita mezani kwenu, irudisheni.

Mkianza kurudisha karatasi, simu zitaanza. Mkurugenzi wa halmashauri au wa taasisi atataka maoni ya kisheria ya kuunga mkono uamuzi alioufanya jana. Atakuwa amekasirika, na mara nyingi atakuwa na sababu ya kukasirika. Kumbukeni kwamba mteja wenu ni Serikali. Huyo mkurugenzi ni mtumishi wa mteja wenu, kama ninyi, na akihamishwa mwakani shauri litabaki mikononi mwenu. Mpeni heshima yake yote, msimjibu kwenye simu, mjibuni kwa dokezo ndani ya jalada. Na dokezo lenyewe lisiishie kwenye "haiwezekani". Mwandikieni njia: futa hati hii, andika nyingine yenye tarehe, ipeleke kwa mkono na mtumishi asaini kwamba ameipokea, mteue mchunguzi asiyehusika na mwenye cheo kinachotosha. Nimeona wakubwa wakali wakipoa kwa sababu tu wamepewa cha kufanya Jumatatu asubuhi. Asiyepoa, dokezo lenu lipo, lina tarehe na namba ya folio. Mengine yako juu ya uwezo wenu.

Wengi wenu mlikuwa bado chuoni Aprili 2017, Rais Magufuli alipopokea Dodoma taarifa ya uhakiki wa vyeti yenye watumishi 9,932 waliodaiwa kughushi. Kughushi cheti ni jinai na sina machozi ya kumlilia aliyefanya hivyo. Ila orodha ni orodha. Waliomo walikata rufaa, na baadhi yao wakasafishwa. Pembeni ya hao lilikuwapo kundi jingine, watumishi wa darasa la saba, walioondolewa kwa kukosa cheti cha kidato cha nne. Mwaka 2018 Serikali yenyewe ikaelekeza kwamba walioajiriwa kabla ya tarehe 20 Mei 2004, siku waraka wa kudai elimu hiyo ulipoanza kutumika, warudi kazini. Jiulizeni swali hilo lilihitaji utaalamu gani. Tarehe ya ajira imo kwenye barua ya kwanza kabisa ya jalada la mtumishi. Afisa sheria mmoja katika kila halmashauri angeisoma barua hiyo kabla ya kupitisha jina, wapishi, walinzi na madereva wengi wasingekaa nyumbani bila mshahara. Siku mtakapoletewa orodha, nayo italetwa tena kwa sababu nyingine, msipitishe orodha. Pitisheni jina moja moja.

Sasa niseme kuhusu pingamizi la mamlaka, yaani hoja kwamba chombo kilichopokea shauri hakina uwezo wa kulisikiliza, kwa maana nasikia limekuwa silaha mnayoipenda. Marekebisho ya mwaka 2016 yalimtaka mtumishi wa umma amalize kwanza ngazi za Sheria ya Utumishi wa Umma kabla ya kukimbilia nafuu za sheria za kazi: mamlaka ya nidhamu, kisha Tume ya Utumishi wa Umma, kisha Rais. Mwaka 2022 Mahakama ya Rufani, katika rufaa ya Shirika la Posta, ikalimaliza kwa kusema kwamba CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, haina mamlaka juu ya mgogoro wa mtumishi wa namna hiyo. Ni hoja halali na ni wajibu wenu kuitoa. Msiionee aibu.

Ninachowaomba ni muda. Itoeni siku ya kwanza, kwenye majibu ya kwanza, mbele ya msuluhishi. Kuna wakili anayeikalia, anajenga kesi, anaita mashahidi, akishindwa ndipo anaikumbuka kwenye marejeo, uamuzi unapopitiwa upya Mahakama Kuu. Kisheria anaweza, kwa kuwa suala la mamlaka huibuliwa wakati wowote. Lakini ametumia miaka ya mahakama na miaka ya mtu, na mtumishi yule sasa anaanza upya mlango mwingine akiwa nje ya muda, akiomba kuongezewa. Akija kijana wenu na ushindi wa aina hiyo, msimpigie makofi. Muulizeni kwa nini hoja hiyo haikuwapo tangu mwanzo. Na kabla hamjaitoa, hakikisheni kwanza kwamba mlalamikaji ni mtumishi wa umma kwa maana ya sheria hiyo. Si kila anayelipwa na taasisi ya umma ni mtumishi wa umma.

Halafu kuna ugonjwa wa "sina maelekezo". Mgogoro umefika kwenye usuluhishi, msuluhishi ametenga asubuhi nzima, mlalamikaji amepanda basi kutoka wilayani, na wakili wa serikali anasimama kusema hana maelekezo ya kumaliza shauri. Anakuwa amekuja kuahirisha tu. Kosa hilo ni la msimamizi wake, aliyemtuma mikono mitupu. Idhini ya kumaliza shauri nje ya uamuzi inapitia ngazi nyingi, hilo nalijua vizuri sana, ndiyo maana iombwe mapema, siku ileile mnaposoma jalada na kuona pengo.

Mkiomba, andikeni hesabu. Wakubwa wa fedha hawasomi vifungu, wanasoma tarakimu. Tuseme mtumishi wa mshahara wa sh. 900,000 kwa mwezi ameondolewa bila kusikilizwa. Fidia ya miezi 12, ambayo Sheria ya 2004 ilipotungwa iliiweka kuwa kiwango cha chini, ni sh. 10,800,000. Mkipigana miaka sita na mwishowe ikaamriwa arudishwe kazini na alipwe mishahara ya muda wote aliokuwa nje, ni miezi 72, sh. 64,800,000. Na katika miaka hiyo sita kuna mtu mwingine aliyeajiriwa kwenye nafasi yake, naye analipwa. Wekeni tarakimu hizo mbili kwenye ukurasa wa kwanza wa dokezo, hoja za kisheria zifuate nyuma. Shauri ambalo jalada lake limekamilika, hilo piganeni mpaka Mahakama ya Rufani. Sijasema mkubali kila anayedai.

Kuhusu vijana mnaowasimamia nitasema kifupi. Someni rasimu zao kwa kalamu mkononi, mkionyesha aya kwa aya. Kumwandikia mtu "rekebisha" na kumrudishia si usimamizi. Mara mojamoja nendeni mkakae kiti cha nyuma anapohoji shahidi, kisha mzungumze naye kwenye gari mkirudi, wala si mbele ya karani. Majalada ya Dar es Salaam na Dodoma msijigawie ninyi wenyewe kwa sababu yana magazeti. Na hili la safari, ambalo hakuna anayeliandika popote: kijana hupima haki yenu kwa namna mnavyogawa safari za Kigoma na Mtwara, kwa sababu safari ina posho. Msimamizi akiwapa posho watu walewale wawili, hotuba yake kuhusu usawa kazini haisikiki hata mlango wa pili. Kwenye PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, nako jazeni mlichokiona. Asiyeweza kazi aambiwe mapema, kwa maandishi, apewe nafasi ya kujirekebisha. Ninyi mnaowafundisha waajiri wengine utaratibu huo, ingekuwa ajabu msiufuate chumbani kwenu.

Mlalamikaji naye msimdharau. Wengine huja bila wakili, na kiambatisho chao ni bahasha iliyochoka. Waambieni vijana wenu wawape nakala za nyaraka zilizopo bila kusubiri amri. Kwa uzoefu wangu, nusu ya ugomvi hupungua mtu anapoona kwamba hafichwi kitu.

La mwisho ni makabidhiano, na naliweka mwisho kwa sababu ndilo linalofanywa haraka haraka kuliko yote. Mkihamishwa, msimwachie anayewafuata orodha ya majalada na funguo za kabati. Kwa kila shauri andikeni nusu ukurasa: limefikia wapi, tarehe ijayo ni ipi, shahidi gani amestaafu na anapatikana wapi, na udhaifu mnaoujua ambao upande wa pili bado haujauona. Siku za kuomba marejeo ya tuzo, yaani uamuzi, wa CMA ni wiki sita tu, na wiki mbili za uhamisho wa mtu mmoja zinatosha kuzila. Nakala ya taarifa hiyo iacheni masijala, isainiwe imepokelewa.

Mzee wenu,
Wakili wa Serikali mstaafu