Kwa nini dawa iliyoisha muda ilibaki na mstari mweupe

Sisi huwawekea wateja rangi za onyo kwenye faili za Excel, kwa zana iitwayo Conditional Formatting: tarehe ya kuisha ikikaribia, mstari mzima unawaka nyekundu wenyewe. Wiki iliyopita mteja wetu mwenye duka la dawa alirudi na laptop mkononi, amekasirika kweli. "Mlinitoza elfu themanini kwa ajili ya rangi, na rangi zenyewe hazifanyi kazi!" Boksi mbili za dawa ya maji ya watoto zilikuwa zimeisha muda, na mstari wake kwenye Excel ulikuwa mweupe pee. Malalamiko ya aina hii tunayapata mara kwa mara, kwa hiyo leo nayajibu kwa kirefu.

Tulifungua faili mbele yake. Mistari mingine yote ilikuwa sawa. Huo mmoja uliingizwa na muuzaji mpya, akaandika tarehe kwa nukta: 30.6, kisha mwaka. Kwa Excel tarehe ni namba, hesabu ya siku kuanzia Januari 1, 1900, ndiyo maana Januari 1, 2025 kwake ni 45658. Tarehe zake za kuisha ziko safu ya D, na fomula tuliyomwekea ili mstari uwake siku 60 kabla, =$D2<=TODAY()+60, inalinganisha namba na namba. Tarehe ya nukta kompyuta yake iliisoma kama maneno, na kwa Excel maneno ni makubwa kuliko namba yoyote. Dawa hiyo isingewaka nyekundu hata baada ya miaka kumi. Angalia seli zako: kama hakuna aliyebadilisha mpangilio, tarehe halisi hukaa kulia, maneno hukaa kushoto.

Sasa bei. Kubonyeza Conditional Formatting na kuchagua rangi ni kazi ya dakika tano, sibishi. Unacholipia ni kusafisha tarehe. Kuna duka jingine tulilifanyia kazi ambalo kompyuta yake ilikuwa na mpangilio wa Kimarekani, mwezi kwanza. Tarehe 5/6 ya Juni ikasomwa Mei 6. Tarehe 25/6, kwa kuwa hakuna mwezi wa 25, ikabaki maneno. Yaani safu moja, nusu ya tarehe zimegeuzwa kimyakimya na nusu zimekufa. Hapo hakuna fomula ya kukuokoa. Tulikaa siku mbili na muuzaji, tukishusha boksi rafuni moja moja na kusoma tarehe zilizopigwa chapa. Elfu themanini kwa kazi ile, kwa kweli, tulijipunja.

Njia ya mkato ninayoiona zaidi ni kupaka rangi kwa mkono. Mzee mmoja mwenye fremu za biashara, mpwa wake alimpakia rangi kwenye faili: wanaodaiwa kodi nyekundu, waliolipa kijani. Ilipendeza mwezi ule. Miezi miwili baadaye mpangaji aliyekwishalipa alifuatwa mlangoni na kudaiwa mbele ya wateja wake, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kubadilisha rangi. Alihama. Fremu ilikaa tupu, na mzee akaja kwetu kulipa ile ile aliyoikwepa mwanzo.

Wengine huandika fomula wenyewe, nawapongeza, ila husahau alama ya dola kabla ya D, wakashangaa rangi zimetawanyika badala ya kushika mstari mzima. Au seli tupu zinawaka nyekundu, kwa kuwa Excel huhesabu utupu kama sifuri; hapo tumia =AND($D2<>"",$D2<=TODAY()+60).

Kwa mwenye duka la dawa, mstari tuliurekebisha bure. Safu ya tarehe tuliifunga pia, ikatae chochote kisicho tarehe. Hilo tulipaswa kulifanya tangu siku ya kwanza, na sasa limo ndani ya bei ile ile kwa kila mteja. Lakini kufuli hilo halizuii kunakili na kubandika kutoka faili jingine, kwa hiyo mwambie muuzaji wako achape tarehe kwa mkono, kwa mkwaju (/), mwaka tarakimu nne. Na ukija kwetu, njoo na faili lenyewe pamoja na ankara za mzigo. Picha ya skrini haituonyeshi kama tarehe ni namba au ni maneno.