Kaka, gunia nililifungua mimi

Kaka,

Barua hii nimeiandika mara nne nikaifuta. Ya tano naiweka hapa hadharani, kwa sababu na wewe ulisema hadharani. Jioni ya siku tuliyomzika mama ulisimulia tena kisa cha "yule mwizi wetu", ukaigiza jinsi alivyokuwa akiapa huku machozi yanamtoka, na watu wakacheka. Nilikuwa nimesimama nyuma yako. Sikusema neno, maana ilikuwa siku ya mama, na maana tangu utotoni ulimi wangu huwa mzito mbele yako. Sasa nasema.

Kwanza, mnyama yule mimi ndiye niliyemkuta. Ukisimulia husema ulimkuta wewe. Nilitoka na ndoo kwenda kukamua, kungali giza, umande umenilowesha mpaka magotini. Mbwa alikuwa anabweka kwa kubabaika, anasogea hatua mbili, anarudi tatu. Kando ya lundo la samadi, pale mchwa walipokuwa wameula ubao wa chini wa uzio, palikuwa na kitu cha mviringo. Nikadhani ni jiwe. Nikalisukuma kwa mguu lisije likamkwaza ndama. Lilikuwa na joto.

Niliinama na taa. Magamba yamepandana kama vigae, kila gamba lina ncha, na katikati ya mkunjo ikitoka pumzi, fff, fff, kama mtu anayepuliza moto uliokataa kuwaka. Mama alitoka akasimama mlangoni, akasema, "Mwacheni, huyo ni kakakuona." Nilipokuwa mdogo nilidhani jina hilo limetokana na wewe: kaka, kuona. Nilidhani ni mnyama ambaye sharti kaka yako akuoneshe.

Ukaja na gunia.

Sisemi ulikuwa mkatili, Kaka. Nakumbuka vizuri tulivyokuwa mwaka ule wa 2019. Mama alikuwa ameanza kuumwa, na kila tukirudi hospitali tunarudi na karatasi nyingine ya kulipia. Ulimsukuma kwa mpini wa jembe mpaka akaingia guniani, ukafunga mdomo wa gunia kwa kamba, mafundo matatu, ukasema, "Huyu ndiye atakayemtibu mama." Ukapiga simu kwa mtu uliyesema atakuja kesho yake. Mimi nikaenda kukamua. Ng'ombe alinigomea asubuhi ile, mikono yangu ilikuwa inatetemeka.

Mchana kutwa gunia lilikaa ghalani. Ulimwagia sufuria ya maji, hakunywa. Ulisema atakula akishikwa na njaa. Asingekula. Wanaowalea kakakuona waliookolewa wanajua hivyo: wengi hukataa chakula wakifungiwa, wakafa kwa hofu na udhaifu kabla jeraha lolote halijawaua. Hana hata jino moja. Anakula chungu na mchwa kwa ulimi wake mrefu, anameza na vijiwe vya kumsagia tumboni. Silaha yake ni kujikunja tu. Simba humgeuza na kumlamba mpaka akachoka, akamwacha. Lakini kujikunja huko huko ndiko kunakomfanya binadamu amwokote kama anavyookota kuni.

Na magamba uliyoyasifu kuwa ni dawa ni keratini, kitu kile kile cha kucha zako. China yenyewe iliyaondoa kwenye kitabu chake rasmi cha dawa mwaka 2020. Mwezi Aprili wa mwaka ule ule wetu, 2019, Singapore ilikamata mizigo miwili ya magamba ndani ya siku chache, jumla zaidi ya tani 25. Nimejaribu kuzihesabu tani hizo kwa gunia letu moja, nikashindwa. Mkutano wa mataifa kuhusu biashara ya wanyamapori walio hatarini, uliofanyika Johannesburg mwaka 2016, ulikuwa umekwishapiga marufuku biashara ya kimataifa ya aina zote nane za kakakuona. Yule mtu wako asingekuja na fedha tu, Kaka. Angekuja na kesi, na mama angekufa akikutembelea gerezani. Hilo nalo nililifikiria. Naomba uamini kwamba nililifikiria.

Basi usiku nikaamka. Mafundo yako yalikuwa magumu, la tatu nililifungua kwa meno. Nilimbeba na gunia lake hadi ng'ambo ya malisho, kwenye vichuguu, nikamweka chini, nikakaa mbali nimezima taa. Alikaa amejikunja muda mrefu mno, nikaanza kuogopa kwamba nimechelewa. Mwezi ulipotoka mawinguni ndipo pua ilipochomoza. Akajikunjua polepole, akasimama kwa miguu ya nyuma, mkia umemtegemeza, mikono ameikusanya kifuani kama mtu aliyekuja kuomba kitu na anaona haya kusema. Akaenda zake hivyo hivyo, kwa miguu miwili. Hakukimbia.

Nililirudisha gunia ghalani, tupu.

Asubuhi ulimwita yule kijana aliyekuwa akichunga. Unajua ulivyomfanya. Ulimpiga kofi mbele ya zizi, ukamwambia amemuuza mnyama wako usiku, ukamfukuza bila mshahara wa miezi miwili. Aliapa kwa jina la mama yake. Mimi nilikuwa pale, ndoo mkononi, maziwa yanatoa mvuke. Nilisema moyoni: nikisema sasa atanipiga mimi, na mama mgonjwa ataona watoto wake wanapigana. Nikasema tena: kijana bado ana nguvu, atapata kazi kwingine. Nilijipa sababu nyingi asubuhi ile, na zote zilikuwa na mantiki. Akapita mbele yangu na kifurushi chake, akaniamkia kwa adabu, kama kila siku. Alinishukuru kwa kumpa maji ya kunywa juzi yake.

Mama alijua. Mchana wake aliniita nikae karibu ya kitanda, akaanza kubandua mbegu za nyasi zilizoganda kwenye pindo la gauni langu, moja moja, zote, mpaka zikaisha. Hakuuliza nilikuwa wapi. Akaishi miaka sita baada ya hapo, na tiba yake tuliilipa kwa ng'ombe wawili tuliowauza, wewe mwenyewe ukiwa ndiye uliyetafuta mnunuzi mwaminifu. Hilo sitaacha kulisema. Ulimuuguza mama kuliko sisi sote. Usiku wa mwisho ulimshika mkono mpaka kukapambazuka.

Ukimkuta mwingine, na unaweza kumkuta, kwa sababu mchwa bado wapo kwenye uzio ule: mfunge mbwa, zima taa, ondoka. Atajikunjua na kwenda zake. Kama amekwama kwenye waya au ameumia, waite maofisa wa wanyamapori. Huzaa mtoto mmoja kwa mara moja, kwa hiyo kila mmoja anayeingia guniani ni hasara isiyozibika upesi. Ungenisikiliza nilipokuambia maneno haya mlangoni, nisingetoka usiku, na kijana wa watu asingeitwa mwizi. Lakini nilikuambia kwa sauti ndogo. Huenda hukusikia. Hata leo sijui kama nilitaka usikie.

Kijana nimempata. Sasa ni mtu mzima, ana watoto wawili. Nilimwendea wiki iliyopita, nikampa mshahara ule wa miezi miwili, nikamweleza yote niliyoyaandika hapa. Alisikiliza mpaka mwisho. Fedha alizipokea. Kisha akauliza swali moja tu: "Na kaka yako anajua?"

Nikamwambia nitamwambia.